Dawa ya meno isiyo na floraidi, mswaki wa mianzi au mswaki wa mti? Jibu kwa mama wa Usa River

Swali: "Shikamoo daktari. Ninaishi Usa River, nina watoto wawili: mdogo ana miaka miwili na nusu, mkubwa ana sita. Dada yangu aliyeko Ujerumani ananisihi niachane na dawa za meno za kawaida kwa kuwa zina floraidi na kemikali, nitumie za mkaa au za mitishamba, pamoja na miswaki ya mianzi ili tusichafue mazingira. Madukani mswaki mmoja wa mianzi ni bei ya miswaki mitatu ya kawaida. Tena huku kwetu watu wengi wana meno ya kahawia na wanasema ni floraidi hiyo hiyo. Mume wangu yeye anaona turudi kwenye mswaki wa mti kama wazee. Nimsikilize nani?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na uamuzi ili usisome roho ikiwa juu. Kwenye mpini wa mswaki dada yako ana hoja. Kwenye dawa ya meno amekosea. Na shemeji ana haki zaidi ya anavyodhaniwa. Ila umetaja Usa River, huko Arusha, na hapo ndipo jibu langu linapoachana na lile ambalo ningempa mtu wa Tanga. Kwako wewe kitu cha kwanza cha kuchunguza hakipo kwenye rafu ya duka. Ni maji mnayokunywa na kupikia.

Floraidi ni madini yanayotoka kwenye miamba. Bonde la Ufa, toka Ethiopia kupita Nakuru na Naivasha hadi Arusha, Manyara na Singida, limejaa miamba ya volkano yenye madini hayo, na chemchemi na visima vingi kuzunguka mlima Meru vinayabeba kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu ilivumilia hadi miligramu 4, maana kuna maeneo ukiyakataa maji hayo huna mengine, na vipo vyanzo vya huko kwenu vinavyopita hata hapo. Mtoto akinywa maji ya namna hiyo wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, enameli, yaani lile tabaka gumu la nje, halikomai sawasawa. Jino linaota likiwa na mabaka meupe ya chaki, baadaye mabaka yanageuka kahawia, na hali ikiwa mbaya enameli inamegeka. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Hakuna dawa ya kusugua inayoitoa, na anayekuuzia dawa ya kung'arisha "meno ya Arusha" anakuuzia mikwaruzo.

Sasa angalia umri wa wanao. Vichwa vya meno ya mbele ya ukubwani hukamilika kujengwa mtoto akiwa na miaka minne au mitano hivi. Kwa hiyo ya mkubwa wako yameshaundwa, jinsi yatakavyotoka ndivyo yatakavyotoka. Yaliyobaki kujengwa kwake ni ya nyuma. Huyu wa miaka miwili na nusu ndiye aliyeko katikati ya kipindi chenyewe. Kama una fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu mwezi huu, badilisha maji yake ya kunywa na ya kupikia uji.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo unaizidisha ukali. Vichujio vya udongo vinavyouzwa kwa ajili ya vijidudu navyo haviiondoi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floraidi kabisa, na kwa familia yenye bati safi na tanki hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha Ngurdoto cha Wizara ya Maji, jirani zenu kabisa, kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Tatizo lake ni kwamba mkaa unachoka na inabidi ubadilishwe, na wapo wanaosita kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Hilo ni la kila nyumba kuamua. Lakini kabla ya kununua chochote, uliza Mamlaka ya Maji Arusha au RUWASA, wakala wa maji vijijini, maji ya mtaa wenu yalipimwa lini na yalitoa namba gani. Mkiwa na kisima chenu, peleka sampuli maabara, na uiweke kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, kwa sababu floraidi hushikana na kioo na kipimo kinaweza kudanganya.

Jambo la pili, ambalo watu wa kaskazini hawapendi kulisikia, ni magadi. Yale magadi ya kuokota mnayotia kwenye makande na maharage yaive haraka yana floraidi nyingi. Ukiwa umejitahidi kuleta maji mazuri kisha ukampikia mtoto maharage kwa magadi, kazi umeirudisha nyuma. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yake, upike. Yataiva.

Nimekaa sana kwenye maji kwa sababu bila hayo hesabu ya dawa ya meno haieleweki. Dawa ya kawaida yenye nguvu ya 1000 ppm ina miligramu moja ya floraidi katika kila gramu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatakiwa kupakiwa kiasi cha punje ya mchele tu, takribani sehemu ya kumi ya gramu. Hapo kuna miligramu 0.1. Hata akimeza yote, na umri huo hawajui kutema, asubuhi na usiku atakuwa amemeza miligramu 0.2. Sasa chukua kikombe cha robo lita cha maji yenye miligramu 4 kwa lita: kina miligramu moja nzima. Kikombe kimoja cha maji ni sawa na kupiga mswaki mara kumi na kumeza kila kitu. Ndiyo maana nasema dada yako amemshika mwizi asiye mwenyewe.

Kuna upande mwingine wa hesabu hiyo. Kwenye matangazo mswaki unajazwa dawa kutoka ncha hadi mwisho, na wazazi wengi wanafanya hivyo hivyo. Hiyo ni gramu moja au zaidi. Mtoto wa miaka miwili akimeza gramu moja ya dawa ya wakubwa ya 1450 ppm kila mswaki, sasa unazungumzia karibu miligramu tatu kwa siku, na hilo ni kosa kweli, tena kwenye ukanda wenu ni kosa kubwa zaidi. Kwa hiyo mpakie wewe mwenyewe, usimwachie tyubu. Ukitumia dawa tamu za watoto zenye ladha ya stroberi, ziweke juu ya kabati. Watoto wanazinyonya kama pipi. Huyu wa miaka sita apewe kiasi cha punje ya njegere, ateme, na usimame naye pale mpaka amalize. Wewe na baba yao tumieni ya 1350 hadi 1500 ppm bila wasiwasi. Meno yenu yalishaumbika zamani, floraidi haiwezi tena kuyatia madoa.

Kwa nini nisikuruhusu tu uchukue isiyo na floraidi, mambo yakaisha? Kwa sababu unachopigana nacho ni asidi. Vijidudu vilivyo kwenye ukoga vinakula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ikishusha pH ya mdomo (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli yanaanza kuyeyuka. Mate yanajaribu kuyarudisha. Floraidi kidogo iliyobaki kwenye mate na kwenye ukoga huharakisha urudishaji huo, na jino linalorudishiwa madini mbele yake hustahimili asidi zaidi. Mswaki peke yake unaondoa ukoga na kusaidia fizi, lakini katika kuzuia meno kutoboka, kazi kubwa inafanywa na floraidi iliyoachwa mdomoni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno ya floraidi ya 1000 hadi 1500 ppm kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hakuna dawa ya mkaa wala ya mitishamba iliyoingia humo kwa sifa ya mkaa wake au mitishamba yake.

Nina tahadhari moja kwa kesi yako. Kipimo kikionyesha maji yenu yapo juu sana na hamna njia ya kuyabadilisha leo, au ukiona meno ya mkubwa yanatoka na mabaka makubwa, mlete mdogo aonwe na daktari wa meno kabla hujaamua nguvu ya dawa yake. Usiamue kwa ujumbe wa WhatsApp.

Na nikitaja WhatsApp, kuna ile picha inayozunguka kila mwaka: angalia mstari wa rangi chini ya tyubu, kijani maana yake asilia, bluu asilia na dawa, mwekundu mchanganyiko, mweusi kemikali tupu. Ni uongo mtupu. Mstari ule ni alama ya mashine kiwandani, inaiambia wapi pa kukata na kubana tyubu. Rangi inategemea wino wa karatasi nzima. Geuza tyubu usome maandishi madogo. Unatafuta "Sodium Fluoride" au "Sodium Monofluorophosphate", namba ya ppm, tarehe ya kuisha, na alama ya TBS, au KEBS kwa ndugu zetu wa Kenya. Neno "herbal" lililoandikwa kwa majani ya kijani mbele halikuambii lolote. Zipo dawa za mitishamba zenye floraidi ya kutosha, nazo ni nzuri tu. Zipo nyingine ambazo ni chokaa, povu na harufu ya mnanaa.

Humo kwenye maandishi madogo kuna vitu viwili vitatu ambavyo mtu anayejali afya na mazingira ana haki ya kuviepuka. "Polyethylene" ni chembe za plastiki. Zamani ziliwekwa ili zisugue au zipendeze, zikapita kwenye mifereji hadi mitoni na baharini, na Marekani ikazipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015. Zimepungua sana, lakini bidhaa za magendo na za zamani bado zipo. "Triclosan" ni kiua vijidudu ambacho makampuni makubwa yameshaanza kukiacha. Ukiiona, chagua nyingine. "Sodium Lauryl Sulfate" ndiyo inayoleta povu. Kwa wengi haina shida, ila mtu anayetokwa vidonda vya mdomo mara kwa mara ajaribu dawa isiyo nayo kwa miezi michache aone. Zaidi ya hapo, neno "kemikali" lisikutishe. Chumvi ya jikoni nayo ni kemikali.

Mkaa sasa. Nauelewa mvuto wake, maana bibi zetu walisugua kwa mkaa na chumvi na tunawakumbuka wakiwa na meno meupe. Tunawakumbuka walionyamaza pia? Wengi waling'olewa. Unga wa mkaa unang'arisha kwa kukwaruza. Madoa ya chai yanaondoka kweli, na wiki ya kwanza mtu anajiona kwenye kioo anafurahi. Lakini enameli haioti tena ikishasuguliwa, na chini yake kuna dentini ambayo kwa asili ni ya njano. Anayesugua kwa mkaa miaka kadhaa anaishia na meno ya njano zaidi, yanayouma akinywa maji baridi. Chembe nyeusi pia zinajificha kwenye mpaka wa fizi na kwenye mianya ya meno yaliyozibwa, zinaacha mstari wa kijivu. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo, na hayakukuta ushahidi wa kutosha wala wa usalama wala wa faida za mkaa. Nyingi ya dawa hizo hazina floraidi pia. Kwa hiyo unalipa zaidi upate ulinzi mdogo na mkwaruzo mkubwa.

Mapishi ya nyumbani nayo yana mtego wa kwetu. Video za ng'ambo zinasema changanya bikabonati, ile ya kupikia keki, na mafuta ya nazi. Bikabonati yenyewe haikwaruzi sana, haina ubaya, ila hailindi jino. Shida inaanza mtu anapokosa bikabonati akachukua magadi sokoni akidhani ni kitu kile kile. Magadi ni makali, yanaunguza fizi, na ile floraidi yake tumeshaizungumza. Ndimu na chumvi, hapana kabisa: ndimu ina pH ya 2 na kitu, unalainisha enameli kwa asidi kisha unaikwangua kwa chembe za chumvi. Mafuta ya karafuu yatumie kutuliza jino linalouma usiku mmoja wakati unasubiri kuonana na daktari, kwa kugusisha pamba, wala usiyamimine. Nimeona fizi zilizobabuka kwa karafuu tupu.

Kama dada yako bado anataka kukutumia kitu cha Ulaya, kuna dawa za hidroksiapataiti. Hiyo ndiyo aina ya madini yanayojenga jino lenyewe. Wajapani walianza kuiuza kwenye dawa ya meno mwaka 1980, na serikali yao ikaikubali kama kinga ya meno kutoboka mwaka 1993. Ujerumani inapatikana madukani. Kwa mtoto wa Usa River anayemeza kila kitu, wazo lake linavutia, na tafiti zilizopo zinatia moyo, ingawa hazijafikia wingi wala urefu wa zile za floraidi. Bei yake ni kubwa. Ikija bure, itumie kwa mdogo bila hofu. Usiuze kuku kwa ajili yake.

Twende kwenye mswaki wenyewe, huko ambako dada yako ana hoja. Mswaki wa plastiki ukitupwa hauozi. Tatizo ni kwamba mswaki wa mianzi nao hauozi wote. Mpini ni wa mianzi, lakini nyuzi zake karibu kila mara ni za nailoni, hata pale walipoandika kwamba mswaki mzima unarudi ardhini. Wengine wanasema nyuzi zimetengenezwa kwa mafuta ya nyonyo. Ni kweli malighafi ni mmea, lakini kilichotoka kiwandani bado ni nailoni na haiozi kwenye shimo la taka. Na ukikuta mswaki unaodai nyuzi za asili kabisa, soma vizuri: mara nyingi ni manyoya ya nguruwe, ndiyo yaliyotumika Ulaya kabla ya nailoni kuingia mwaka 1938. Wasomaji wangu Waislamu wengi hawajui hilo. Mimi siyapendekezi hata kwa asiye Mwislamu, kwa sababu yana tundu katikati, hayakauki upesi na vijidudu vinakaa.

Mwaka 2020 watafiti wa Dublin na London walilinganisha miswaki ya aina nne toka malighafi hadi jalalani: wa plastiki, wa mianzi, wa plastiki wenye kichwa cha kubadilisha, na wa umeme. Wa umeme ulishika mkia kwa mbali. Wa mianzi na ule wa kichwa cha kubadilisha ilifanya vizuri kuliko ya kawaida, lakini wa mianzi haukuwa mshindi wa wazi, maana mianzi nayo inataka ardhi. Hayo yalikuwa mahesabu ya huko kwao. Huku kwetu ongeza mambo mawili. Mingi ya miswaki ya mianzi unayoiona Arusha imesafiri kutoka China. Na mwisho wa takataka zetu ni moto: nyumba nyingi zinachoma taka uani. Nailoni ikiungua inatoa moshi wa sumu, na anayeuvuta ni mtoto yule yule tunayemhangaikia. Kwa hiyo ukinunua wa mianzi, siku ya kuutupa vunja kichwa chake au ng'oa nyuzi kwa koleo, mpini uingie jikoni au shambani, na nyuzi ziende na taka za gari, si motoni.

Uamuzi wangu kuhusu bei: mswaki wa mianzi wenye nyuzi laini na kichwa kidogo, ukiumudu, chukua. Ukiuosha, ukung'ute na uusimamishe penye hewa. Ukilala kwenye kikombe chenye maji unaota ukungu mweusi, na watu wa pwani wananielewa zaidi. Lakini kama kununua wa mianzi kutakufanya uutumie miezi minane kwa kuuonea uchungu, acha. Nyuzi zikishapinda nje mswaki hausafishi, na kwa kawaida hilo linatokea ndani ya miezi mitatu au minne. Bora wa plastiki laini unaobadilishwa kwa wakati. Ukishachoka usiutupe: utasafishia cherehani, utapakia piko, utasugua kola za shati na soli za raba. Kina mama wa Tanzania walianza kutumia vitu mara ya pili kabla dunia haijaanza kuhubiri habari hizo. Kwa watoto angalia hasa ukubwa wa kichwa, kwa sababu miswaki mingi ya mianzi inayoitwa ya watoto ni ya wakubwa iliyofupishwa mpini.

Shemeji sasa. Mswaki wa mti, ule hasa wa mti uitwao kitaalamu Salvadora persica, ndio bidhaa pekee katika mazungumzo yetu inayooza yote, isiyofungwa plastiki, na inayoota kwenye nyika za Afrika Mashariki bila kumwagiliwa. Una nyuzi zake, una silika inayosugua taratibu, na una viambata vinavyopunguza vijidudu. Ukali wake unaleta mate, na mate ni dawa. Shirika la Afya Duniani lenyewe limewahi kuhimiza matumizi yake mahali ulipo utamaduni huo, na anayeutumia vizuri anaweza kuwa na fizi safi sawa na mwenye mswaki wa dukani.

Neno ni "vizuri". Kata kijiti kibichi chenye unene wa kidole kidogo, menya ganda la ncha kama sentimita moja, tafuna mpaka nyuzi zitawanyike ziwe laini. Kikiwa kikavu kiloweke kwanza. Sugua taratibu kutoka kwenye fizi kuelekea ncha ya jino. Wanaokwangua kwa nguvu kwenda na kurudi ndio wanaokuja kwangu fizi zimepanda na mizizi ya meno iko wazi. Kisha kuna upande wa ndani, ule unaoelekea ulimi. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wanasugua meno ya mbele wakiwa wanatembea, wanapiga soga, nusu saa nzima, na ukifungua mdomo unakuta nyuma ya meno ya chini pamejaa ugaga. Ncha iliyotumika ikatwe kila siku, itafunwe mpya. Kijiti hakiazimwi. Na usikate mti wowote unaoujia mbele. Mingine ina utomvu unaounguza.

Pungufu lake kubwa ni kwamba hauachi floraidi ya kutosha mdomoni. Kwa hiyo mpatanishe mume wako na mimi hivi: mchana atumie mti wake, baada ya chakula, kabla ya sala, apendavyo. Usiku kabla ya kulala, mswaki wenye dawa ya floraidi, dakika mbili. Miswaki ya dukani itadumu zaidi, dawa itadumu mara mbili. Mtoto mdogo asipewe kijiti. Atajichoma, na hana ustadi.

Baada ya mswaki wa usiku, temeni tu povu, msisukutue kwa maji. Najua mmezoea kusukutua mara tatu. Mkisukutua mnaiosha ile floraidi mliyoinunua. Dawa za kusukutua za chupa wengi wenu hamzihitaji, na zile kali za hospitali zinatia meno madoa zikitumika muda mrefu. Uzi wa kusafishia katikati ya meno ni mzuri kwa watu wazima, ila mwingi ni nailoni, na baadhi umetengenezwa kwa teflon; ukipata wa hariri au wa nailoni iliyopakwa nta inatosha, na vijiti vya mbao vinasaidia kwa wenye mianya. Tyubu nunueni kubwa ya familia, plastiki inakuwa kidogo kwa kila gramu, na ikiisha ikateni kwa mkasi. Ndani huwa kuna ya siku kadhaa. Waokota chupa hawazichukui kwa sababu nyingi ni matabaka ya plastiki na alumini yaliyogandana.

Kuna uchafuzi mwingine ambao haumo kwenye orodha ya dada yako, nao unatoka kwenye kliniki zetu. Kijazio cha kijivu cha jino, amalgamu, karibu nusu yake ni zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake, na Tanzania ni mwanachama. Kila jino linalotoboka linaleta sindano, glavu, umeme, na wakati mwingine zebaki hiyo. Kwa hiyo soda na biskuti mkizihamishia kwenye muda wa chakula badala ya kutafunwa siku nzima, na chupa ya chai ya sukari ikaacha kulala na mtoto kitandani, mmeyasaidia mazingira kuliko mpini wowote wa mianzi.

La mwisho ni la huyu wa miaka sita. Umri huu magego ya kwanza ya ukubwani yanaota nyuma kabisa ya magego ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kuyapisha, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kama yametoka. Yana mifereji mirefu, yanaota taratibu, yanakaa chini kuliko wenzake, na mswaki wenye kichwa kikubwa unapita juu bila kuyagusa. Mwambie afungue mdomo leo usiku, umulike kwa tochi ya simu. Ukiyaona, msugulie wewe mwenyewe ukiuingiza mswaki kwa kuukingama kutoka pembeni ya shavu, na ukija kliniki uliza kuhusu kuziba ile mifereji kabla haijatoboka.